Baada ya Plasta Kufunguliwa



Mtu akivunjika kifundo cha mguu, jamaa na majirani humhesabia siku za plasta. Siku inapofunguliwa hupongezwa, naye hudhani safari imekwisha. Akishuka kitandani hukuta mguu umekonda, kifundo kimekakamaa, na kila jioni unavimba. Hapo wengi huanza kutapatapa. Mmoja humkimbilia mkandaji, mwingine huuziwa mafuta ya kuchua, wa tatu huambiwa alipie mahudhurio ishirini ya mazoezi tiba kwa mkupuo. Nia yangu leo ni kueleza namna ya kuzipita wiki hizo bila kuudhuru mguu wala kumaliza akiba.

Mfupa wa kifundo uliovunjika huhitaji kwa kawaida takriban wiki sita hadi nane ili uunge. Katika muda huo misuli isiyotumika hudhoofika, na kano hukaza. Kazi ya plasta ni kuushika mfupa mahali pake. Kuurudishia mguu mwendo si kazi yake. Anayechuchumaa chooni, anayedandia daladala, anayekaa baina ya sijida mbili, wote wanahitaji kifundo kinachokunjika, na picha nzuri ya eksirei haitawatosha.

Je, ni lazima kuhudhuria mara nyingi? Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 214 waliovunjika kifundo. Baadhi walipewa ushauri wa mtaalamu mara moja plasta ilipoondolewa. Wengine walipewa ushauri pamoja na mazoezi ya kusimamiwa. Waliosimamiwa hawakupona vizuri kuliko wenzao. Kwa mtu anayekaa mbali na hospitali, naiona habari hii kuwa na thamani kubwa: nauli ya mara ishirini ikikosekana, nauli ya mara moja itafutwe kwa kila njia. Hata hivyo, wenye kisukari, waliopoteza hisia za nyayo, na waliovunjika mifupa kadhaa wanastahili kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Siku hiyo moja usiondoke na neno la “kanyaga kidogo”. Kidogo ni kiasi gani? Omba utajiwe kilo. Ukiambiwa kilo 20, simama nyumbani ukishika meza, mguu mzima ukiwa juu ya kitabu kinene kinacholingana na kimo cha mizani, kisha ukanyage mizani kwa mguu mgonjwa mpaka isome 20. Rudia hadi mwili uzoee uzito huo. Omba pia mazoezi yako yaandikwe, na uyafanye mbele ya mtaalamu kabla hujaaga.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Kwanza ni kupandisha na kushusha wayo, kuuzungusha, na kuuvuta kwako kwa kanga iliyopitishwa chini ya vidole, mara kadhaa kwa siku. Baadaye, ukiruhusiwa kuweka uzito wote, shika meza uinue visigino vyote viwili, halafu kimoja. Kisha jifunze kusimama kwa mguu mmoja. Maumivu kiasi yanayotulia baada ya muda mfupi yasikutishe. Yakidumu hadi asubuhi pamoja na uvimbe, punguza, usiache. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea kwa miezi. Lala chali, mguu ukiwa juu ya mito, uupite moyo kwa kimo.

Kukanda kwa nguvu mfupa ambao haujaunga kunaweza kuusogeza, na gharama ya kurekebisha huwa kubwa kuliko ya awali. Vidole vikiwa baridi, vya buluu au vyenye ganzi ndani ya plasta, rudi hospitali mara moja. Vivyo hivyo shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla: huenda ni damu iliyoganda, na hilo halisubiri kesho.

Kuhusu magongo, si lazima kununua mapya. Ya kuazima yanafaa kama mipira ya chini haijalika na urefu unarekebishika. Kati ya kwapa na gongo vipite vidole viwili au vitatu, na uzito ubebwe na viganja. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mgonjwa pamoja na magongo.

Ukitakiwa kulipia mahudhurio mengi kwa pamoja, uliza lengo la kila wiki ni nini, na nani atapima kama limefikiwa. Dai stakabadhi, na uhifadhi picha zako za eksirei.

Nao madereva wa bodaboda waliovunjika mguu wa kulia wasirudi barabarani kabla ya kupimwa na kuruhusiwa, kwa kuwa breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu huo.