Ukungu wa Kilimia



Wapendwa wasikilizaji, Dominika hii ya Majilio twawachukua hadi Same, uani kwa mwalimu mmoja wa parokia yetu. Huko amejenga kibanda chenye paa la bati linalosukumwa kando, na ndani yake ameweka darubini na kamera. Usiku mmoja ulio safi alitualika tumwone akipiga picha ya Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wazee walilitazama wapate kujua majira ya kulima.

Tulikwenda tukiwa na uzito moyoni. Asubuhi ile mama mmoja mjane alikuwa ametuuliza kama Mungu husikia. Mwanawe aliondoka nyumbani miaka 11 iliyopita, wala hajaleta hata salamu. Mama humsalia rozari kila usiku. Tulimjibu kwa maneno yetu ya kawaida ya kipadre, naye akatushukuru kwa adabu, nasi tukajua kwamba hatukumjibu.

Kazi ya uani haikuwa nyepesi. Mtambo unaoizungusha darubini ifuate mwendo wa nyota hulengwa kwenye ncha ya kusini ya anga. Lakini Same i nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, hivyo ncha hiyo hukaa chini mno, na pale uani vilima viliificha. Mwalimu akakisia, akajaribu, akarekebisha. Kisha upepo wa Same, ambao wenyeji mnaujua, ukatikisa kila kitu, na picha za kwanza zikatupwa.

Picha ya dakika 3 ilionyesha nyota tu. Akapiga ya pili, ya tatu, hata zikafika 40. Jicho, alitueleza, hupokea nuru na kuiachilia papo hapo. Kamera huiweka akiba. Ndivyo ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walivyogundua mwaka 1885 ukungu kando ya Maia, mojawapo ya nyota za Kilimia, baada ya kuupata katika picha. Mwalimu alipozijumlisha picha zake kwa kompyuta, ukungu wa buluu ulijitokeza ukizizunguka nyota. Ni vumbi linaloakisi nuru, wala si mali ya nyota hizo. Zinalipitia tu safarini. Nuru yenyewe imesafiri takribani miaka 440. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, ilikuwa tayari njiani.

Abrahamu naye alitolewa nje usiku, akaambiwa azihesabu nyota. Twapenda kuikumbuka ahadi. Twasahau kwamba tangu aondoke Harani akiwa na miaka 75 hadi kuzaliwa kwa Isaka ilipita miaka 25, na kwamba katikati alilalamika.

Juzi tulimpelekea mama yule nakala ya picha. Hatukumhubiria. Aliitazama kwa muda mrefu karibu na taa, kisha akauliza, “Padre, ukungu huu ulikuwapo siku zote, hata tulipokuwa hatuuoni?” Tukamwambia ndiyo. Akaiweka mezani, kando ya rozari yake, akaenda kutuchemshia chai.