Kabla Hujaongeza Urea, Tazama Jani Changa

Msikilizaji, kuna njano ya mahindi ambayo urea haiiponyi. Majani machanga ya juu yanapauka, huku yale ya chini yakibaki na kijani chake. Mkulima anaongeza urea, njano inabaki palepale, na fedha yake imekwenda.

Naitrojeni ikipungua, mmea huihamisha kutoka majani makuukuu kuipeleka kwa machanga, kwa hiyo njano huanzia chini. Salfa haihami kwa wepesi huo. Ikikosekana, jani changa ndilo la kwanza kuugua. Na bila salfa mmea hauwezi kuunda protini, hata ukirundikiwa naitrojeni namna gani.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1933, H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani kule Usambara, pamoja na R. Leach wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walieleza kuwa ugonjwa wa njano uliokuwa ukiishambulia michai ya huko ulitokana na ukosefu wa salfa udongoni.

Lakini angalia tunachonunua. Urea ina naitrojeni asilimia 46, salfa hakuna. DAP haina. CAN haina. Kila mavuno yanaondoka na salfa, na tukichoma mabua, nyingine inapaa na moshi.

Mbolea ya SA ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, yaani kilo 12 za salfa katika mfuko wa kilo 50. Tatizo lake ni kuongeza tindikali ya udongo. Kwa shamba ambalo tayari lina tindikali nyingi, jasi, yenye salfa pia, inafaa zaidi. Nayo inachimbwa hapahapa Tanzania, Makanya na Itigi, ikapakiwa kwenda viwanda vya saruji, na inaniuma kwamba mashamba hatuyakumbuki.

Zinki na chuma zikipungua, majani machanga hupauka vilevile, kwa hiyo usibadilishe mbolea shamba zima kwa kukisia. Mkulima mwenzangu, wakati wa kukuzia tenga mistari michache uiwekee SA, uzito unaozidi kidogo mara mbili ya ule wa urea ili naitrojeni ilingane, kisha uilinganishe na mingine. Nanyi wenye maduka ya pembejeo, tafadhali, msimu huu msituletee urea peke yake.