Fedha za Msiba na Fedha za Kipimo

Mwaka huu tulimzika dada yetu. Uvimbe ulionekana kwenye mifuko ya mayai, kumbe saratani ilianzia tumboni. Kwa miezi mitano tulidhani ni vidonda vya tumbo, tukamnunulia dawa dukani.

Madaktari walitueleza hivi. Uvimbe wa aina hii hutibiwa kwa dawa za kemo, na baadhi ya wagonjwa hufanyiwa pia upasuaji. Ukitokana na tumbo, maisha yaliyobaki mara nyingi huhesabiwa kwa miezi. Ukitokana na utumbo mpana, matumaini huwa makubwa zaidi. Ndiyo maana tumbo linalouma wiki hadi wiki lipimwe kwa kamera mapema.

Sisi tunaoshika daftari tuliona jambo la kutuumiza: fedha za msiba zilipatikana kwa siku mbili, za kipimo hazikupatikana kwa miezi mitano.

Tunaomba mchangie nauli, malazi na vipimo vya wagonjwa wetu wanaopelekwa Ocean Road, Dar es Salaam. Kila shilingi tutaisoma hapa mwakani.