Waliotoka jeshini na mufuko wetu: kazi gani iko hapa Fizi?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya komite ya mikopo mbele ya mukutano mukuu, Baraka)



Niliombwa niseme juu ya uchumi wa Fizi na watu waliotoka jeshini ao katika makundi ya porini. Munajua kwa nini jambo hili limeletwa sasa. Komite imepokea maombi ya watu wa namna hiyo wanaotaka kuingia katika vikundi vyetu vya akiba. Wanamemba wengine wanasema: waingie, ni watoto wetu. Wengine wanasema: wale njo walitukimbiza mpaka Lugufu na Nyarugusu, leo tuwape feza yetu? Pande zote mbili ziko na haki ya kusema. Lakini mbele ya kura, tuangalie kazi yenyewe. Mutu aliyeacha bunduki leo hapa kwetu atakula nini, na kwa kazi gani?

Tuanze na yale yaliyokwisha kufanywa. Wakati wa CONADER, mutu aliyetoka alipewa dola 110 za kumufikisha nyumbani, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka moja. Piga hesabu: dola 410 zote pamoja, na mara nyingi zilichelewa. Feza ilikuwa kidogo, ndiyo, lakini mimi naona shida kubwa zaidi ilikuwa kalenda. Muhogo unaomba miezi 9 mpaka 12, wakati mwingine kupita. Mutu aliyefika bila shamba alipaswa kwanza kuomba udongo kwa chefu ao kukodisha, afyeke, atafute miti ya muhogo isiyo na mosaiki, njo apande. Siku ya kungʼoa muhogo wa kwanza, dola 25 zilikuwa zimekwisha zamani. Sisi tuliorudi na mashua kutoka Kigoma tunaijua njaa ya katikati ile. Tulikuta mashamba yetu yamelimwa na wengine, na tulingoja vilevile.

Tena wengi walifundishwa kazi zilezile: kushona, useremala, mekanike, biashara ndogo. Kijiji kimoja kinahitaji washonaji wangapi? Mashini ziliuzwa sokoni, na watu wakasema wale ni wavivu. Lakini mutu anayeuza mashini mahali pasipo na nguo ya kushona, kwangu huyo amepiga hesabu vizuri kuliko aliyemupa. Baadaye mpango wa tatu ulipeleka wengi Kitona na Kamina, mbali kabisa na soko ambamo wangefanya kazi. Tangu 2021 kuna P-DDRCS, na hiyo inasema kazi ifanyike ndani ya jamii. Basi jamii ni sisi. Tujue tuko na nini.

Tuko na ziwa. Mutu akisikia ziwa anafikiri kuvua tu, na kweli kuvua ndagala usiku kwa taa kunalisha watu wengi. Lakini mitumbwi ni mingi tayari, samaki wanapungua, na nchi nne zinazogawana Tanganyika zilikubaliana uvuvi ufungwe kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Kumupa mutu mupya nyavu na kumwambia alipe kila mwezi ni kumutega. Kazi iliyobaki wazi iko pembeni ya mutumbwi. Ndagala waliokaushwa juu ya muchanga wanauzwa bei ya chini, kwa sababu mununuzi anatafuna muchanga. Waliokaushwa juu ya vitanda vya miti na waya wanauzwa vizuri zaidi. Kipindi cha mvua wanaoza kabla ya kukauka, na wachache wanajua kuwachoma moshi vizuri. Nani anajenga vile vitanda? Nani anatengeneza mota ya mutumbwi ikikufa, ao batri na taa za kuvulia? Jeshini kuna watu waliojifunza mota, radio, ushoferi, na kufunga vidonda. Ni kazi za kweli, lakini hakuna mutu anayewauliza. Wanaulizwa tu: unataka kushona ao kupiga mbao?

Tuko na muhogo, mupunga, karanga na mawese. Hapa faida iko kwenye kusaga, kukamua na kubeba. Mama anayebeba muhogo kwa kichwa mpaka kwenye mashini ya kusaga anapoteza siku nzima. Lakini barabara, wandugu! Mvua ikishuka na mito ikijaa, Uvira inakuwa kama ngʼambo, na bei ya shambani inaanguka wakati bei ya mujini inapanda. Wafadhili wakitaka kutoa kazi kwa vijana mia kwa mara moja, waanzie kwa mitaro ya barabara. Ile kazi haiombi diplome, na inalipa wakati ule muhogo ungali udongoni.

Na tuko na zahabu, Misisi na pengine. Tusijidanganye: shimo ndilo linalowapokea wa kwanza. Shimo haliulizi letre wala mutaji. Lakini mutu anaingia pale na deni la chakula na la vifaa, anachimba kwa kulipa deni, na mara nyingi mwenye silaha anakusanya sehemu yake mulangoni. Aliyetoka porini anajikuta tena chini ya bunduki, tofauti ni kwamba sasa si yeye anayeishika. Wengine kutoka pale wanarudi kuishika.

Sasa maoni ya komite. Hatutaki kikundi cha waliotoka jeshini peke yao. Kikundi cha namna hiyo kinabaki na chefu wake wa zamani, hata kama kwenye karatasi anaitwa prezida. Tunapendekeza waingie mumoja ao wawili katika kikundi cha watu 15 mpaka 25, waweke akiba kama kila mutu, wasikope mpaka muzunguko wa kwanza umalizike. Mukopo wa shamba ulipwe nyuma ya mavuno, na mukopo wa samaki usidaiwe wakati ziwa limefungwa. Kanuni hii ingetusaidia sisi wote. Ni aibu kidogo kwamba tunaifikiria sasa kwa ajili ya wengine.

Pili, mulango wetu usiulize karatasi ya silaha. Kuna wadada waliochukuliwa wakiwa wadogo. Walibeba mizigo, walipika, walizaa kule porini. Hawakuwa na bunduki ya kurudisha, basi orodha nyingi ziliwaacha nje. Wako hapa Baraka, munawaona sokoni wakiuza sambusa kwa mutaji wa kukopa asubuhi na kurudisha jioni. Mimi ningeanza na hao, mbele ya wanaume.

Tatu, na hili ni zito. Kati yetu kuna mama ambaye nyumba yake ilichomwa na anamujua aliyeleta moto. Hatutamuomba akae naye kwenye benchi moja kila juma na kuhesabu feza pamoja. Mutu mumoja wa kikundi akisema hapana, bila kueleza sababu, jina linarudi kwa komite na tunatafuta kikundi kingine. Kama hakuna kingine, huyo muombaji anangoja. Wafadhili wetu walituandikia wakitaka hesabu ya wangapi wataingia mwaka huu. Jibu letu ni kwamba hatuwezi kuahidi hesabu. Tunawaomba musaada wenu uwe vitanda vya kukaushia, mashini ya kusaga, na feza ya kazi ya mitaro, vitu ambavyo mama yule na kijana yule wote watatumia, kila mutu kwa saa yake.

Kura itapigwa kikundi kwa kikundi, kwa karatasi iliyokunjwa, si kwa kunyosha mikono. Kikundi kitakachokataa hakitapoteza haki yake kwenye mufuko wa pamoja. Karatasi ziko kwa mama muhasibu, muchukue mukitoka.