Beseni Moja, Mikono Mingi: Virusi vya Tumbo Katika Nyumba za Dilolo



Hapa Dilolo, mpakani mwa Kongo na Angola, tumbo likianza kuendesha watu, macho yote hugeukia kisima. Ni haki, kipindupindu kimetufundisha kuyaogopa maji. Lakini kuna ugonjwa unaoweza kuingia nyumba inayochemsha maji yake kila siku, ukalaza watu watano kwa siku mbili. Huo ndio ulionileta mbele yenu.

Huletwa na virusi, na vinavyotusumbua zaidi ni viwili. Rotavirusi, iliyotambuliwa na Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne mwaka 1973, huwaandama hasa watoto wachanga. Norovirusi haichagui umri. Jina lake limetoka Norwalk, mji wa Marekani ambako wanafunzi wa shule moja waliugua mwaka 1968. Chembe chache tu zinatosha kumwangusha mtu mzima, ilhali mgonjwa mmoja hutoa mabilioni chooni na katika matapishi. Aliyeambukizwa huanza kutapika baada ya saa 12 hadi 48, na siku ya tatu huwa ameshasimama. Hata hivyo, huendelea kutoa virusi kwa wiki mbili au zaidi. Ndiye huyo anayerudi jikoni, au sokoni kuuza kinywaji cha munkoyo kwa kikombe kimoja.

Sasa tuitazame mikono. Kwenye kilio, kabla ya kula bukari, beseni dogo huzungushwa. Mzee anachovya vidole, anampitishia jirani, naye jirani yake, mpaka mtu wa 12 anaosha katika maji ya wenzake 11. Kisha wote wanamega sahani moja na kuchovya kwenye mboga ile ile ya sombe. Hapo hakuna aliyekosa adabu. Kula pamoja ndiko kunakomshika mfiwa asianguke, na sitaki reko yeyote, yaani mhamasishaji wa afya wa mtaa, atoke hapa akaenda kukataza watu kula pamoja msibani. Ninaomba jambo moja: maji yamwagwe, yasichovywe. Kijana asimame na jagi na sabuni, beseni likae chini kupokea maji machafu. Mgeni wa heshima tayari tunammwagia maji mikononi. Waliobaki nao wanastahili heshima hiyo. Pasipo na sabuni, majivu yatumike. Wengi wetu tangu korona tunatembea na jeli ya alkoholi mfukoni, lakini norovirusi huistahimili, hivyo jeli isichukue nafasi ya maji yanayotiririka.

Matapishi nayo yana hatari ambayo wengi hawaijui. Mtoto akitapika kwa nguvu, matone madogo huruka na kutua kwenye mkeka, ukutani, hata kwenye sahani zilizo karibu. Mama anafuta kwa kitenge, kisha kitenge kile kile anajifungia kiunoni. Ni afadhali kufunika kwa majivu au mchanga, kuzoa, kutupa chooni, kisha kupaka javeli, ile dawa ya klorini ya kusafishia. Ikiwa chupa imeandikwa 5%, changanya kipimo 1 cha javeli na vipimo 9 vya maji, acha dakika 10. Nguo zifuliwe peke yake, zianikwe juani.

Nakuja kwenye dawa, na hapa nasema kwa uchungu. Tumbo likiendesha tu, watu hukimbilia vidonge vya tetrasiklini au Flagyl. Virusi havisikii vidonge hivyo. Kinachomuua mtoto ni kukauka maji mwilini. Apewe SRO, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi ikiwa pakiti imeandikwa hivyo, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena polepole. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Zinki aipate kwa siku 10 hadi 14, na ziwa la mama lisisimame hata siku moja. Macho yakizama, ngozi ikibanwa ikachelewa kurudi, au akashindwa kunywa, apelekwe kituoni saa ile ile. Choo chenye damu kinahitaji muuguzi. Choo kama maji ya mchele kitolewe taarifa siku hiyo hiyo, maana huenda ni kipindupindu.

Chanjo ya rotavirusi tunayo. Tanzania iliianza mwaka 2013, Kenya 2014, na nchi yetu 2019. Hutolewa kwa matone mdomoni kuanzia wiki ya 6. Ila hapa mpakani kwetu na mji wa Luau watu hawatulii mahali pamoja: mama huvuka kwenda Angola kuuza, au humfuata mumewe kwenye machimbo ya Kolwezi, na dozi ya pili inapotea njiani. Kwa hiyo muuguzi amwambie mama asafiri na kadi ya mtoto, na anayempokea mgeni aiulize kadi hiyo kabla ya kuuliza anatoka wapi. Kwa norovirusi hatuna chanjo. Tunabaki na sabuni.

Chakula cha mchana kiko tayari. Nimewaomba wapishi waondoe mabeseni mezani. Mlangoni mtakuta bidoni mbili zenye koki na sabuni. Tutapanga mstari, na mimi nitakuwa wa mwisho.