Udugu wa Kupigiwa Kura

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi wenye mabinti wanaojiandaa kwenda kusoma Marekani)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi wamelisikia kwa jina tu. Binti amefika chuoni Marekani, na kabla hajamaliza hata wiki mbili anapiga simu nyumbani kuomba ruhusa, na fedha, ili ajiunge na sororiti. Mama hajui kama hiyo ni hosteli, ni dhehebu au ni klabu ya ngoma. Baba ama anasema hapana kabla ya kuuliza, ama anasema ndiyo kabla ya kuuliza, na majibu yote mawili ni ya mtu asiyejua anachokijibu. Basi leo tulieleze jambo lenyewe lilivyo, na hukumu tutaifikia baadaye.

Sororiti ni chama cha kina dada wa chuo kikuu. Neno lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya dada, na lilibuniwa katika karne ya 19 na mwalimu wa Kilatini katika chuo cha Syracuse, jimbo la New York. Vyama hivi hupewa majina ya herufi za Kigiriki, na kwa ajili hiyo wanachama huitwa "Wagiriki", ijapokuwa huenda asiwepo Mgiriki hata mmoja kati yao. Chama cha kwanza cha siri cha wasichana kilianzishwa mwaka 1851 huko Macon, Georgia, katika chuo cha wanawake cha kanisa la Kimethodisti. Mwaka 1870 wasichana wanne walianzisha chama kingine katika chuo kinachoitwa leo DePauw, jimbo la Indiana, chuo ambacho kilikuwa kimewafungulia wanawake milango yake miaka mitatu tu nyuma. Wanaume walikuwa tayari na vyama vyao, nao wasichana wachache walikuwa wageni wasiotakiwa. Kwa hiyo yafaa tukiri kwamba asili ya jambo hili ni haja ya kweli: msichana aliye peke yake mahali pageni anatafuta wenzake. Haja hiyo haikufa, na hata binti yako ataondoka nayo hapa uwanja wa ndege.

Walakini haja ni jambo moja, na njia ya kuitimiza ni jambo jingine. Hebu tuangalie njia yenyewe.

Katika vyuo vikubwa vya majimbo ya kusini, kama kile cha Alabama, uteuzi wa wanachama wapya hufanyika mwezi wa Agosti, kwa muda wa wiki moja na zaidi kidogo, mara nyingi kabla msichana hajakaa darasani hata siku moja. Hujiandikisha mapema, hulipa ada isiyorudishwa, na hupeleka picha zake pamoja na maelezo ya alama zake za shule na kazi zake za kujitolea. Hapo Alabama wasichana wanaojitokeza kwa mwaka mmoja hupita 2,000. Katika duru ya kwanza hukutana na vyama vyote, zaidi ya kumi na tano, na kila kimoja hupewa dakika chache za mazungumzo. Milango hufunguliwa, wanachama huimba kwa sauti kuu wakipiga makofi, mmoja humshika mgeni mkono na kumwingiza ndani, wa pili humpokea, wa tatu humpokea kutoka kwa wa pili. Duru inayofuata huelezwa habari za misaada ambayo chama hutoa. Nyingine huonyeshwa nyumba na maisha ya humo. Duru ya mwisho ni ya nyumba moja au mbili tu, nayo huwa ya utulivu, mavazi rasmi, na mara nyingi machozi.

Sasa wazazi sikilizeni hapa. Kuna mambo matano ambayo kwa mila ya uteuzi huo hayazungumzwi: wavulana, ulevi, siasa, fedha na dini. Kwa Kiingereza yote matano hutajwa kwa maneno yanayoanza kwa herufi B, na lile la dini ni Biblia. Lengo ni adabu, mtu asimkere mgeni, na hatulilaumu. Lakini fikirini: binti yako anaambiwa aonyeshe yeye ni nani kwa muda wa dakika ishirini, na swala yake, saumu yake na sababu ya kitambaa kilicho kichwani mwake vyote vimo katika yasiyotajwa. Kitakachobaki cha kutazamwa ni nini? Ni uso, nguo, viatu, tabasamu, na jina la shule aliyotoka.

Mgeni akishaondoka, wanachama humpa alama. Usiku wanaketi na kumjadili mtu mmoja baada ya mwingine, naye hayupo kujieleza. Sisi tunalo jina la mazungumzo ya namna hiyo na hatuna haja ya kulitaja katika jamii kama hii. Alama huingizwa katika kompyuta. Kila chama kinatoa orodha ya kinaowataka, kila msichana anatoa orodha ya anavyovitaka, na wataalamu wa takwimu wamekwisha kukokotoa ni wangapi kila chama kinaruhusiwa kuwaita tena. Asubuhi msichana hupewa ratiba yake ya siku. Chama alichokipenda, ambacho jana walimkumbatia na kumwambia wamefurahi mno kumwona, hakimo. Hapewi sababu. Yuko dada mkubwa wa kumshauri, aliyejitenga na chama chake kwa muda ili asipendelee, na wengi wao ni watu wema. Lakini naye sababu haijui.

Tumewahi kuwasikiliza mabinti waliopitia hayo. Wanachokumbuka si kwamba walikataliwa, kwa kuwa kukataliwa kumo katika maisha. Wanachokumbuka ni kukaa na simu mkononi wakijikagua: ni meno? Ni lafudhi? Ni nguo ya siku ya pili? Au ni mtandio? Mtu wa miaka kumi na minane, yuko mbali na mama yake maelfu ya maili, anaanza chuo kikuu kwa kuhesabu kasoro zake.

Katika duru ya mwisho hutia saini hati inayomfunga. Akipata mwaliko wa chama kimojawapo alichokiorodhesha kisha akaukataa, hawezi kujiunga na kingine chuoni hapo mpaka mwaka upite. Akiukubali, huanza kulipa, na katika vyuo hivyo vikubwa gharama huhesabiwa kwa maelfu ya dola kwa mwaka, mbali na mavazi na mapambo. Mzazi anayetuma karo kwa kuuza kiwanja ayajue haya kabla ya Agosti.

Kisha kuna kiapo. Vyama hivi vina ibada za kuingizwa ambazo ni siri, nayo maneno ya ahadi msichana huyasikia siku ile ile ya kuyatamka. Hatusemi kwamba ndani yake kuna shirki, maana hatuwezi kuhukumu tusiloliona. Twasema tu kwamba Mwislamu haahidi kwa jina la jambo asilolijua. Dada mmoja aliomba asomewe kwanza, akajibiwa kwa upole kuwa haiwezekani, naye kwa upole akaondoka. Hilo latosha.

Haki yadai tuseme na upande wa pili. Wazazi wengi hudhani kwamba uteuzi wenyewe ni karamu ya pombe na wanaume. Sivyo. Kanuni za baraza linaloviunganisha vyama hivi, baraza lililoundwa mwaka 1902, zinakataza pombe na zinakataza wanaume kushiriki katika uteuzi. Yanayotokea baadaye katika nyumba za vyama vya wavulana ni habari nyingine, na hapo ndipo penye hatari. Aidha vyama hudai alama nzuri za masomo, na hukusanya fedha nyingi za hisani: kimojawapo kimekuwa kikiisaidia hospitali ya watoto wenye saratani ya St. Jude huko Memphis tangu mwaka 1999. Wala wazee wetu wasistaajabu kupita kiasi. Vyama vya lelemama vya Mombasa vilikuwa na vyeo, mavazi ya sare, mashindano ya karamu, na watu waliofilisika kwa ajili ya sifa.

Lakini kura ya siri ikiwa mikononi mwa wachache wanaofanana, huzaa matunda yake. Mwaka 1963 Gavana wa Alabama alisimama mlangoni pa chuo kuwazuia wanafunzi wawili weusi wasiingie, akashindwa. Miaka hamsini baadaye, Septemba 2013, gazeti la wanafunzi wa chuo hicho hicho liliandika kwamba msichana mweusi mwenye alama za juu mno na jamaa mashuhuri alikuwa amekataliwa na vyama vyote, na baadhi ya wanachama vijana wakasema wao walimtaka, ila wanachama wa zamani ndio waliozuia. Mamia ya wanafunzi na walimu waliandamana. Mkuu wa chuo akaamuru mlango wa kualika ufunguliwe upya, na wasichana weusi kadhaa wakaalikwa. Tuangalie vizuri: sheria ya nchi ilikuwa imekwisha kuufungua mlango wa chuo miaka hamsini kabla, ila mlango wa kura ulibaki umefungwa, na hapakuwa na mtu aliyelazimika kueleza kwa nini.

Wasichana weusi wenyewe hawakungoja mlango huo. Katika chuo cha Howard, Washington, walianzisha chama chao mwaka 1908, na mwaka 1913 wakaanzisha cha pili, ambacho wanachama wake waliandamana mwezi Machi mwaka huo huo kudai kura kwa wanawake. Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais kuanzia 2021 hadi 2025, ni mwanachama wa kile cha kwanza. Mabinti zetu wengi huvutwa na vyama hivi kuliko vile vingine, na inafahamika. Huko njia ya kuingia ni tofauti: mara nyingi msichana husubiri mpaka awe na alama za chuo na kazi za kujitolea, na mambo huendeshwa kimya kimya. Ukimya huo una ila yake. Katika vyama vya namna zote, vya weupe kwa weusi, vya wake kwa waume, kumetokea mateso kwa wanaoingia, hata Bunge la Marekani likapitisha sheria, iliyotiwa saini Desemba 2024, inayovitaka vyuo vitangaze hadharani matukio hayo. Mzazi aitake taarifa hiyo kwa chuo. Ni haki yake.

Waislamu nao? Mwaka 2005 dada mmoja na mama yake mzazi walianzisha Gamma Gamma Chi, sororiti ya kwanza yenye msingi wa Kiislamu, na mwaka 2016 huko Texas ikaanzishwa nyingine, Mu Delta Alpha. Wako wanaosema herufi za Kigiriki hazituhusu, na kwamba Umoja wa Wanafunzi wa Kiislamu, uliopo tangu 1963, unatosha. Sisi hatugombani juu ya herufi. Tunauliza swali moja tu: binti aliyefika jana, ambaye hajui pa kuswalia wala pa kununua nyama halali, je, huko anapokelewa, au anachunguzwa kwanza kama anafaa? Kwa sababu hata katika misikiti yetu zimo kamati zinazompima mgeni kwa nguo, na hizo hazina hata adabu ya kumwimbia mlangoni.

Ndugu zetu, Mtume Muhammad (s.a.w.) alipofika Madina, alikuwa na watu walioacha nyumba, mali na jamaa. Hakuwaambia watafute marafiki. Aliwaunganisha mmoja mmoja, Muhajiri na Ansari: Abdurrahman bin Auf akapewa Saad bin Rabii, Salman Mwajemi akapewa Abu Dardaa. Huyu wa mwisho alikuwa mtu wa taifa jingine na lugha nyingine kabisa. Hapakuwa na duru nne, wala hakuna aliyebaki nje asubuhi akijiuliza kasoro yake. Ndiyo maana tunaona kwamba katazo peke yake halimfai binti. Ukimwambia asiende kwenye nyumba ile yenye taa, na huku hukumwonyesha nyumba nyingine, umemwacha barabarani.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo kwa wazazi waliopo hapa. Kabla ya mwisho wa mwezi, kila mwenye binti anayesafiri amwandikishe kwa katibu wa akina mama: jina la chuo, mji, na tarehe ya kufika. Tunazo familia zetu, zinazosema Kiswahili, katika miji kadhaa ya huko, na kadhaa zimekwisha kukubali kumpokea binti uwanjani, kumpa chumba kwa siku za mwanzo, na kumwita chakula kila Ijumaa kwa muhula mzima wa kwanza, avae vyovyote atakavyokuja amevaa. Pale ambapo hatuna familia, tutamwandikia imamu wa mji kwa jina. Na ninyi mabinti, mkitaka kwenda kuyaona mambo hayo ya Agosti kwa macho yenu, semeni kabla, ili awepo mtu mzima wa kumpigia simu usiku ule wa orodha. Fomu ziko mezani karibu na mlango wa akina mama, na kalamu zipo.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.