Kinachozima Tovuti Nyingi kwa Pigo Moja

Mhadhara wa umma, Sumbawanga



Mkulima wa Laela au Matai, hapa mkoani Rukwa, anayetaka mbolea ya ruzuku hana budi kupitia kwenye mtandao. Tangu msimu wa 2022/23 huandikishwa katika daftari la kielektroniki, hupewa namba yake, na wakala humhakiki kwenye mfumo kabla ya kumkabidhi mfuko. Kodi, leseni na faini nazo hulipwa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wa malipo ya Serikali, GePG. Mvua za uwanda wetu wa Ufipa huanza Novemba, nazo hazimsubiri mtu aliyeambiwa kwamba mfumo uko chini. Ndiyo maana swali la leo ni la mkulima sawa na lilivyo la mhandisi: kwa nini shambulio la mtandaoni la mahali pamoja huzima huduma za watu wengi, na tujikinge vipi?

Shambulio lenyewe

Fikirieni kituo cha kununulia mahindi wakati wa mavuno. Mizani ni moja, karani ni mmoja. Alfajiri wanajipanga watu elfu moja wasio na gunia hata moja. Kila mmoja akifika mbele anauliza bei, anaondoka, anarudi mwisho wa foleni. Mizani ni nzima na karani hajaibiwa kitu, lakini mwenye mahindi yake hatapimiwa mpaka jua lizame.

Mashambulizi mengi yanayozima tovuti hufanywa hivyo. Mshambuliaji havunji kufuli wala haibi taarifa. Anaielemea seva kwa maombi ya uongo hadi maombi ya kweli yakose nafasi. Maombi hayo huyatuma kutoka kwenye vifaa vya watu wasiojua lolote: kamera za ulinzi, ruta na kompyuta alizoziteka. Programu iitwayo Mirai, iliyovuma mwaka 2016, iliteka vifaa vya namna hiyo kwa kujaribu orodha ya nywila kama sitini za kiwandani, zile ambazo mnunuzi hakujishughulisha kuzibadilisha. Msimbo wake ulimwagwa hadharani mwishoni mwa Septemba mwaka huo, na kila mwenye nia mbaya akajichotea.

Tarehe moja, matokeo mawili

Kila tovuti ina jina, na kompyuta haiwezi kuifikia mpaka jina hilo ligeuzwe kuwa namba. Kazi hiyo hufanywa na seva za majina, na juu kabisa ya mfumo huo kuna anwani 13 za seva za mizizi. Tarehe 21 Oktoba 2002 zote 13 zilishambuliwa kwa pamoja kwa muda wa saa moja hivi. Baadhi zilielemewa, lakini watumiaji wa kawaida karibu wasihisi kitu. Seva hizo zilikuwa mikononi mwa taasisi mbalimbali, zilizoelemewa ziliacha nyingine zikiendelea kujibu, na seva za chini zilikuwa tayari zimehifadhi majibu ya maswali ya mara kwa mara.

Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa vilivyotekwa na Mirai viliielekea kampuni moja ya huduma za majina, Dyn ya New Hampshire, Marekani. Kwa saa kadhaa Twitter, Netflix, Spotify na Reddit zikawa hazipatikani kwa watu wengi. Kompyuta za kampuni hizo zilikuwa zinafanya kazi. Kilichokosekana ni wa kuonyesha njia ya kuzifikia, kwa sababu nyingi kati ya hizo zilikuwa zimekabidhi majina yao kwa mtoa huduma mmoja tu.

Miaka 14 inatenganisha matukio haya, na somo lake ni lilelile. Ukubwa wa shambulio hauamui peke yake ukubwa wa madhara. Kinachoamua zaidi ni idadi ya huduma zinazoning'inia mahali pamoja.

Nairobi, Julai 2023

Jirani zetu waliyaona haya kwa macho. Tarehe 30 Juni 2023 Serikali ya Kenya ilizindua upya eCitizen, mfumo wake wa huduma za mtandaoni, ukiwa na huduma zaidi ya 5,000. Tarehe 27 Julai, kabla mwezi haujaisha, mfumo huo ulishambuliwa, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai ndilo lililohusika. Viza, pasipoti, tiketi za treni na ununuzi wa tokeni za umeme vikayumba. Eliud Owalo, waziri wa TEHAMA wa Kenya wakati huo, alieleza kuwa hakuna taarifa zilizopotea. Mfumo ulikuwa umeelemewa kwa maombi. Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, ikiwatuhumu kuliendesha kundi hilo.

Katika siku zile jambo moja lilinigusa kuliko mengine. Serikali ya Kenya iliruhusu wageni wapewe viza wanapowasili. Njia ya pili ilipatikana kwa sababu palikuwa na ofisa mwenye idhini ya kutoa huduma bila mfumo. Kinga hiyo ilikuwa ya kiutawala kabla ya kuwa ya kiufundi.

Sisi wa Ufipa

Mji huu umekula umeme wa Zambia kwa miaka mingi, nje ya gridi ya Taifa, kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa maana ya kutegemea laini moja. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania nzima. Tukio hilo halikuwa shambulio, lakini lilipita kwenye udhaifu uleule. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumwadhibu mhalifu akipatikana. Haiwezi kumrudishia mkulima wiki ya kupandia iliyompita.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, taasisi za umma ziweke majina ya tovuti zao kwa watoa huduma wasiopungua wawili, kwenye mitandao tofauti. Pili, kila kata iwe na orodha ya wakulima wa ruzuku iliyochapishwa na mfumo wenyewe kabla ya msimu, ikionyesha mgao wa kila mmoja, na ofisa ugani aruhusiwe kuitumia kwa saini. Najua daftari la kielektroniki liliwekwa kuzuia wakulima hewa. Orodha iliyotoka kwenye daftari hilohilo haiongezi jina hata moja, na kilichotolewa kitaingizwa mfumo ukirudi. Tatu, kila mwenye duka mwenye kamera au ruta abadilishe nywila ya kiwandani, asije akawa askari wa vita asivyovijua.

Mashambulizi hatutayakomesha sisi. Lakini kuamua kwamba huduma ya mkulima haitakuwa na njia moja tu, hilo liko ndani ya uwezo wa halmashauri zetu, na linaweza kuamuliwa kabla ya Novemba. Naomba liamuliwe.